Mpira wa Puani: Kwa Nini Mtoto Aliyekonda Hapewi Sahani Kamili



Swali hili tumeulizwa mara nyingi na akina mama wa mashamba ya miwa na ya chai, na wa viwandani pia, na safari hii tumeona tulijibu kwa kirefu. Mtoto amekonda mpaka mbavu zinahesabika, au amevimba miguu na uso na nywele zimegeuka rangi. Anapelekwa hospitali. Pale, badala ya kupewa sahani ya chakula, anapitishwa mpira mwembamba puani hadi tumboni, na kwa mpira ule anamiminiwa maziwa kidogo, kiasi cha kikombe cha kahawa, kila baada ya saa mbili. Mama anatazama, moyo unamuuma. Anasema: mwanangu ana njaa, nao wananipimia kama dawa! Usiku muuguzi akiwa upande wa pili wa wodi, mama anafungua bakuli la posho na maharage aliloletewa na ndugu, anamlisha mtoto kwa siri. Wengine huuvuta mpira wenyewe na kuutupa, maana mtaani inasemwa kwamba aliyewekewa mpira huyo ni wa kufa.

Maziwa yale ni kidogo kwa makusudi. Si ubahili wa hospitali, wala si dharau kwa maskini. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hauwezi kupokea chakula kingi kwa ghafula, na ukilazimishwa unaweza kufa katika siku zile zile ambazo ndugu wanadhani mgonjwa ameanza kupona. Wala elimu hii haikutoka Ulaya peke yake. Sehemu yake kubwa ilipatikana hapa hapa Kampala, juu ya kilima cha Mulago, kwa watoto wa wakulima na wafanyakazi wa Uganda.

NJAA KATIKATI YA CHAKULA

Ni lazima kwanza tuseme mtoto huyu anatoka wapi, maana wapo wanaodhani utapiamlo ni jambo la ukame wa Karamoja tu. Nenda Owino. Soko hili, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, limekuwa pale karibu na uwanja wa Nakivubo tangu mwaka 1971, limeungua moto zaidi ya mara moja na wauzaji wamelisimamisha tena. Pembeni ya marundo ya mitumba yapo magunia ya maharage, karanga, mukene ile dagaa ya ziwani, mayai, matooke, viazi vitamu, mafungu ya dodo na nakati. Mtu akisimama hapo atasema katika mji huu hakuna mtoto wa kukosa chakula.

Lakini chakula hakihesabiwi kwa macho. Kinahesabiwa kwa mfuko na kwa saa. Mama anayefungua kibanda alfajiri na kukifunga usiku, au mchukuzi anayelipwa kwa kila gunia analobeba, anaweza kushinda amezungukwa na vyakula vya kujenga mwili huku mtoto nyumbani anashinda kwa chai kavu na kipande cha muhogo. Wenzetu wa mashamba wanaijua hali hii vizuri kuliko sisi tunaoandika: unga upo, kitoweo hakuna.

Mara nyingi anayeumia ni mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, yule aliyeachishwa ziwa kwa sababu mama ana mimba nyingine. Waganda waliuita ugonjwa huo obwosi. Watu wa pwani ya Ghana waliuita kwashiakoo, na jina hilo Dkt. Cicely Williams alilipeleka katika vitabu vya madaktari katika miaka ya 1930. Kwa Kiswahili sanifu wengine husema unyafuzi. Majina matatu, mtoto ni yule yule.

KIWANDA KILICHOZIMWA NUSU

Sasa tuingie ndani ya mwili. Kazi yote ya kuchoma chakula, kutoa nguvu, kujenga nyama na kukarabati viungo, wataalamu huiita umetaboli. Ndugu zetu wa viwanda vya sukari hawatapata taabu kuielewa. Fikiri kiwanda ambacho miwa imekatika kuletwa. Meneja mwenye akili hafungi lango siku ya kwanza. Anapunguza moto wa boila, anasimamisha zamu ya usiku, anaahirisha matengenezo, na mambo yakizidi anang'oa mashine moja moja na kuziuza kama chuma chakavu ili apate pesa ya kuwasha taa. Kiwanda kinaendelea kupumua lakini hakizalishi.

Mwili hufanya hivyo hivyo. Akiba ya sukari iliyo kwenye ini huisha kwa muda wa siku moja tu, na kwa mtoto mdogo huisha upesi zaidi. Kisha huchomwa mafuta, na pamoja nayo misuli. Moyo wenyewe ni msuli, nao hupungua. Utumbo huwa mwembamba, ini hujaa mafuta na kushindwa kutengeneza sukari vya kutosha, figo hushindwa kutoa chumvi na maji ya ziada. Hata kinga hulala, hivyo mtoto anaweza kuwa na nimonia kali bila homa yoyote, mwili ukiwa wa baridi. Katika kila chembe ya mwili kuna pampu ndogo zinazotoa chumvi nje na kuingiza madini ya potasiamu ndani. Pampu hizi hula sehemu kubwa ya nguvu za mwili hata mtu akiwa amelala, basi nazo hupunguzwa mwendo. Chumvi inabaki ndani, potasiamu inavuja na kupotea kwa mkojo na kuhara.

Jambo hili lilipimwa kwa watu wazima huko Minnesota, Marekani, kuanzia Novemba 1944 hadi Desemba 1945. Vijana 36 waliokataa kupigana vita kwa ajili ya imani yao walijitolea kukaa na njaa ya kupimwa chini ya mtaalamu Ancel Keys. Baada ya majuma 24 ya nusu chakula walikuwa wamepoteza karibu robo ya uzito. Nguvu walizochoma wakiwa wamepumzika zilishuka kwa karibu asilimia 40, na mapigo ya moyo yalishuka kufikia 35 hivi kwa dakika. Hawakuwa wavivu. Mwili ulikuwa umezima mashine.

Haya, siku moja asubuhi malori ishirini ya miwa yanasimama langoni kwa mara moja. Nani atapokea? Boila ikiwashwa moto wote wakati mafundi hawapo, grisi hakuna na nati zimeuzwa, kitakachofuata kila mfanyakazi wa kiwanda anakijua.

Katika mwili malori hayo ni wanga na sukari: posho, uji, soda, chai yenye sukari nyingi. Sukari ikiingia katika damu, kongosho hutoa insulini. Huyu insulini ni kama mnyapara aliyekuwa amelala tangu kazi zisimame. Anaamka na kufungua milango yote ya chembe kwa pamoja. Sukari inaingia ndani, na pamoja nayo zinavutwa fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka katika damu, maana bila hizo sukari haiwezi kufanyiwa kazi. Akiba ya madini hayo ilikwisha zamani. Kwa hiyo damu inabaki tupu ghafula, na viungo visivyopumzika, yaani moyo na misuli ya kuvuta pumzi, vinakosa vifaa vya kazi. Vitamini B1 nayo, ambayo hutumika kuchoma sukari, inakwisha. Tena insulini huzifanya figo zishike chumvi na maji. Pampu za chembe zikiamka zinaisukuma chumvi yote iliyokusanyika ndani irudi kwenye damu, na damu inaongezeka uzito wa kusukumwa. Moyo uliopungua unasukumiwa kazi ambayo hata moyo mzima ungeihisi. Mtoto anavimba, anahema mbio, na anaweza kufa. Hatari ni kubwa zaidi katika siku chache za kwanza za kulishwa.

Wako watu wazima walioipata njia hiyo pia. Wafungwa wa vita waliotoka katika kambi za Wajapani mwaka 1945 walilishwa kwa furaha na wakombozi wao, na baadhi yao walivimba au moyo ukashindwa baada ya kuanza kula. Hatari hiyo hiyo humngoja mgonjwa wa kifua kikuu aliyekonda sana, mtu mwenye uvimbe wa koo ambaye hajameza kitu kwa majuma, na hata mgomaji aliyesusa chakula muda mrefu. Hili la mwisho vyama vya wafanyakazi vinapaswa kulijua.

WALICHOKIONA MULAGO

Dkt. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Mulago tangu miaka ya 1930, aliwaona watoto hawa miaka mingi, wakati ambapo madaktari walikuwa wakidhani ni safura ya minyoo au kaswende ya kurithi. Yeye pamoja na Jack Davies, aliyechunguza maiti, na Rex Dean walitoa kitabu juu ya kwashiakoo mwaka 1954. Dean aliongoza pale Mulago kituo cha utafiti cha baraza la tiba la Uingereza hadi alipofariki mwaka 1964. Alikuwa amewahi kuchunguza njaa ya Wajerumani baada ya vita huko Wuppertal. Hapa Kampala chakula chake cha kutibu kilikuwa maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, sukari, na mafuta ya mbegu za pamba, ile pamba ambayo wazee wetu waliilima.

Watoto wengi walipona. Lakini si wote, na baadhi yao waliharibikiwa wakiwa tayari mikononi mwa waganga, wamekwisha kuanza kulishwa. Mwaka 1967 Brian Wharton na wenzake, akiwamo Profesa McCance aliyekuja kukiongoza kituo hicho, walitoa katika gazeti la madaktari, The Lancet, maelezo ya jinsi moyo unavyoshindwa kwa mtoto mwenye kwashiakoo. Mwaka 1970 Wharton akaandika tena kuhusu upungufu wa sukari katika damu ya watoto hao hao. Ukiyaweka pamoja mambo hayo mawili unaiona taabu yote: mtoto akilishwa kingi moyo unaweza kushindwa, akiachwa usiku kucha bila kulishwa sukari inaisha na anaweza asiamke. Njia ni nyembamba.

Ilichukua miaka mingi elimu hiyo ifike katika kila wodi. Mwaka 1996 wataalamu wa London walipokusanya taarifa za hospitali za nchi mbalimbali waliona kwamba tangu miaka ya 1950 vifo vya watoto wenye utapiamlo mkali vilikuwa vimebaki pale pale, kati ya 20 na 30 kwa kila watoto 100 waliolazwa, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa matibabu yasiyo sahihi. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani likatoa kitabu cha mwongozo, ambacho msingi wake ndio unaofuatwa mpaka leo.

HESABU YA KIKOMBE CHA KAHAWA

Maziwa ya mwanzo yanaitwa F-75, maana yake kila mililita 100 zina kilokalori 75. Yana protini kidogo, chumvi kidogo, na yameongezwa potasiamu na magnesiamu, zile nati zilizouzwa. Mtoto hupewa mililita 130 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Basi mtoto wa kilo 6 atapata mililita 780, na zikigawanywa mara 12 kwa usiku na mchana, ni mililita 65 kila saa mbili. Ndicho kile kikombe cha kahawa kinachomuudhi mama. Aliyevimba sana hupewa pungufu ya hapo, mililita 100 kwa kilo. Kiasi hicho hakikusudiwi kumnenepesha. Kinakusudiwa kumshika asipungue zaidi, huku boila ikiwashwa polepole. Mtoto aliyevimba anaweza hata kupoteza uzito siku hizo, kwa sababu maji yanatoka. Mama asiogope mizani.

Mpira nao una kazi yake. Mtoto anayeweza kunywa kwa kikombe hunywa kwa kikombe. Mpira huwekwa kwa yule asiyemaliza sehemu yake, aliyechoka mno, au mwenye vidonda vya kinywa. Kila mara hujaribiwa kikombe kwanza, kinachobaki ndicho kinachopitishwa mpirani, na akianza kunywa sehemu kubwa yeye mwenyewe mpira hutolewa. Kwa hiyo mpira ni wa siku chache, nao ndio unaomwezesha kupata maziwa ya saa nane za usiku bila kuamshwa kwa kilio. Kumlaza mtoto na kumziba pua ili ameze uji kwa nguvu, kama inavyofanywa katika nyumba nyingine, humpeleka uji mapafuni. Muuguzi hupima kwanza kwamba ncha ya mpira iko tumboni, si mapafuni, ndiyo maana mpira uliotoka haurudishwi na mama wala na jirani wa kitanda.

Wengine hudai chupa ya maji ya mshipani, wakiona bila chupa hakuna matibabu. Kwa mtoto huyu chupa ni kuongeza mzigo kwenye moyo ule ule mdogo, na hutumiwa kwa hali maalum tu. Wengine huomba dawa ya kuongeza damu. Madini ya chuma hayatolewi siku za mwanzo, kwa sababu mwili haujaweza kuyahifadhi na vijidudu vinaweza kunufaika nayo. Mama akitaka kusaidia, amkumbatie mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na amfunike kichwa. Mwili uliozima mashine hauna joto lake.

Baada ya siku kadhaa mara nyingi hutokea jambo ambalo kila mama hulitambua kabla ya daktari: mtoto anataka kula. Analilia kikombe. Uvimbe unashuka. Hamu hiyo ya kula ni dalili kwamba ini na chembe zimeanza kazi. Hapo hubadilishiwa maziwa ya F-100 au chakula cha pakiti kilichotengenezwa kwa karanga, kwanza kwa kiasi cha kadiri, kisha huongezwa kidogo kidogo. Na sasa kiwanda kinadai miwa! Mtoto yule wa kilo 6 anaweza kufika kilokalori 1,300 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya siku za mwanzo, na kuongezeka gramu 60 au zaidi kila siku. Chakula kile kile ambacho kingeweza kumuua Jumatatu, majuma mawili baadaye ndicho kinachomjenga.

Kuhusu chakula cha pakiti tuseme neno moja. Kilibuniwa mwaka 1996 na Mfaransa André Briend na mwenzake, na pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Ina karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini yaliyopimwa. Karanga za kusaga za Owino ni chakula kizuri sana, lakini si dawa hiyo, na anayepewa pakiti asiiuze kisha akanunua karanga badala yake.

ZAMU YA WODINI

Kilima hicho hicho cha Mulago, katikati ya miaka ya 1960, kilipata kituo cha Mwanamugimu. Jina limetoka katika methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutokana na mbeleko. Wazo lake lilikuwa kwamba mama asikae tu akitazama, bali apike yeye mwenyewe kwa vyakula vya sokoni: matooke au viazi, maharage au karanga, mukene au yai, na mboga za majani, vyote vikipikwa pamoja. Chakula hicho cha mchanganyiko akina mama wa Uganda hukiita kitobero. Kikombe cha mukene iliyosagwa kikigawanywa siku nyingi si gharama kubwa, na hapo Owino inarudi kuwa rafiki. Ila, tunakumbusha, kitobero ni cha kumzuia mtoto asiugue na cha kumlea akipona. Si cha siku zile za mpira.

Linabaki jambo la chama. Ili mtoto alishwe mara 12 kwa siku inatakiwa pawe na mtu kando yake, usiku na mchana, na kukaa huko kunaweza kufika majuma mawili au zaidi. Mtu huyo ni mama ambaye ana kibarua. Akikosa kazi siku tatu anahesabiwa mtoro, basi siku ya nne anambeba mtoto na kutoka wodini, mtoto akiwa katikati kabisa ya hatari. Tukimlaumu huyu mama tutakuwa tunamlaumu asiye na hatia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ilimpa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, na baba siku 4. Hiyo ni likizo ya mtoto mchanga. Mtoto wa miaka miwili mwenye mpira puani hakuzaliwa jana.

Matawi yanayojiandaa kukaa na waajiri juu ya mkataba mpya waandike hoja hii waziwazi: siku ngapi za kumuuguza mtoto aliyelazwa, kwa mshahara gani, kwa hati ya nani. Waandike pia kwamba baba anaweza kuzichukua, maana kikombe cha kahawa hakichagui mkono, na huko nyumbani wamebaki watoto wengine. Na pale ambapo kazi ni ya kipande, kama wachuma chai na wakata miwa, mwandike jinsi siku hizo zitakavyohesabiwa, kwa sababu mfanyakazi wa kipande ndiye wa kwanza kuambiwa kwamba likizo haimhusu.

Mwakilishi wa tawi akipata habari kwamba mwenzetu amelazwa na mtoto, aende na mtu wa kumpokea usiku mmoja apate usingizi. Chakula anachokwenda nacho amkabidhi mama, na amweleze kwamba ni chake yeye mama.